Mgeni wa Chumba Namba Kumi na Moja

Dada yangu mpenzi,

Barua hii ikukute umekaa, miguu juu ya kigoda kama daktari alivyokuagiza, si umesimama jikoni ukijidai mzima. Presha inasemaje? Na wajukuu, bado wanakufichia miwani? Mimi kwa neema ya Mungu ni mzima. Goti langu linakunjika vizuri, hata juzi nilipiga magoti kusali bila kushika kitanda, na kwa furaha ya goti nikasahau nilichokuwa nikiomba.

Najua jana jioni ulinisubiri. Nilimpigia mwanao simu akwambie sitafika, lakini namjua, atakuwa amekufikishia nusu ya maneno. Basi liliondoka saa sita mchana, begi langu limeshafungwa, na mimi sikupanda. Sikuugua, sikuibiwa, wala sijapata mchumba, kwa hiyo huyo mwanao aache kucheka. Leo ni Jumapili, tumetoka kwenye ibada, nami nakuandikia mezani kwa watu ambao siku kumi zilizopita sikuwajua. Karatasi nimepewa na binti yao, kaichana katikati ya daftari lake la hesabu. Ndiyo maana ina miraba.

Hoteli yenyewe unaijua, maana nimekuchosha nayo. Ile ndogo yenye vyumba kumi na viwili na ngazi tatu za saruji zinazoshukia mchangani. Wanangu walichangishana wakanileta mwaka juzi baada ya upasuaji wa goti, kwa kuwa daktari alisema nitembee kwenye maji ya chumvi asubuhi na jioni. Mimi mpishi wa shule ya bweni, mtu wa kukoroga sufuria la watoto mia nne, nikaletwa mahali naulizwa chai yangu iwe na maziwa au isiwe nayo. Wiki nzima sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Nilipewa chumba namba kumi na moja. Mtandikaji wa vyumba sikuwahi kumtia machoni, maana alikuwa akiingia sisi tukiwa kwenye chai au majini, na nikirudi nakuta alama zake tu. Usiku wa kwanza nilichukua mto wa pili nikauweka chini ya goti, na asubuhi nikauacha hapo katikati ya kitanda, umebonyea. Niliporudi nilikuta kitanda kimetandikwa, mito miwili iko kichwani, na mto mwingine, wa tatu, ambao sikuuomba, umelazwa mlalo pale pale goti langu linapolala. Ikawa hivyo siku zote nane. Hakuna aliyemwambia. Alikisoma kile kitanda, Dada, kama wewe unavyosoma uso wa mtu.

Mwaka jana nikarudi, goti limepona, nikaomba chumba kile kile. Mto wa tatu nikaukuta unanisubiri. Ndipo nikaona haya. Mtu mzima, mikono miwili, natumikiwa na mtu ambaye sijawahi hata kumwambia asante! Siku mbili nilivumilia. Siku ya tatu nikashika jembe, kama tulivyofunzwa kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Alasiri nilifua mashuka kwenye beseni la bafuni, nikayaanika dirishani, jua la huko likayakausha kabla halijazama. Alfajiri nilitandika, nikapiga deki, nikakunja taulo, ndipo nikashuka kunywa chai. Nikaendelea hivyo siku tano, mpaka naondoka, moyo wangu mweupe kabisa kwamba yule mwenye mto anapumzika. Sikuacha hata kikaratasi. Nilisema Mungu anayeona sirini anatosha.

Kumbe Mungu aliona, ila meneja hakuona. Lakini ngoja nisiruke.

Mwaka huu nilipewa namba nne, maana ile ya kumi na moja ilikuwa na watu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kama mtu anayefunika gari. Mto wa tatu hakuna. Nilimuuliza binti wa mapokezi, akasema yule wa zamani hayupo tena, na akaendelea kupaka kucha zake. Nikadhani labda ameolewa, au amehama. Nikamwombea heri huko aliko, nikalala na goti juu ya begi.

Kesho yake nikatembea majini mpaka mwisho wa ufuo, ukuta wa hoteli ulipoishia. Kuna nyumba ya vyumba viwili pale, uwanja wake wote umejaa waya za kuanikia, na mashuka meupe juu yake yamejaa upepo. Nilikuwa na mchanga mpaka kwenye meno. Nikabisha hodi kuomba maji ya bombani ninawe miguu. Bibi mmoja mfupi, mwenye macho ya utani, akanikaribisha na kuniuliza kama nilikuwa nikitembea baharini kwa sababu ya nadhiri au kwa kupotea njia. Nikamweleza habari za goti. Akasema basi jina langu ni Mama Goti, na bomba ni langu.

Mle ndani yupo huyo Bibi na mwanawe, ambaye kila mtu anamwita Fundi Viti kwa kuwa anatengeneza viti vya ufukweni, vile vya kulalia. Anavua kamba zilizooza na kuvifuma upya kwa kamba za plastiki. Yupo mkewe, mwanamke wa miaka kama arobaini, mtulivu, anayefua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ndogo za wageni. Na yupo binti yao wa miaka kumi na miwili, mwenye maswali kuliko hakimu.

Siku hiyo hiyo ya kwanza yule mama alikuwa akikunja mashuka. Unajua shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mimi nimesimama, miguu inachuruzika maji, akanirushia ncha mbili bila hata kunitazama, akasema, Shika huko. Nikashika. Tukavuta, tukakunja, tukakutana katikati, tukaachana tena. Mashuka ishirini na sita. Tulipomaliza nilikuwa kama nimezaliwa mle. Dada, nilifurahi! Nilikuwa nimeletwa kustarehe, na starehe yenyewe nikaipata kwenye mashuka ya watu wengine.

Nikawa nakwenda kila siku. Asubuhi natembea majini, nikitoka nakunja mashuka, halafu tunakunywa chai na mkate chini ya kipande cha turubai. Nilipoombea chai mara ya kwanza Bibi alivumilia mpaka nikafika kwenye wagonjwa na wasafiri, akakohoa, akasema Mungu amesikia, na chai nayo inapoa.

Pale kuna mchezo wao mmoja. Kibanio cha nguo kikipotea, mtu anauliza nani kakichukua, na wote wanajibu kwa pamoja: Namba Kumi na Moja. Chumvi ikizidi kwenye mchuzi, ni Namba Kumi na Moja. Siku ya kwanza nilidhani ni paka. Jumanne sukari ikaisha, Bibi akamlaani Namba Kumi na Moja na kizazi chake, mimi nikacheka pamoja nao mpaka machozi, kisha nikauliza huyu ni nani hasa.

Yule mama akanisimulia huku akipiga pasi, pole pole, bila kinyongo, kama mtu anayeeleza njia. Alitandika vyumba katika ile hoteli miaka tisa. Utaratibu wao ni kwamba mashuka ya kila chumba yanapelekwa kwa dobi wa hoteli kila baada ya siku moja, dobi anayaandika, na mtandikaji anatia alama ya vema kwenye karatasi ya chumba. Mwaka jana akafungua chumba namba kumi na moja na kukuta kitanda kimekazwa kama ngoma na sakafu inang'aa. Kesho yake hivyo hivyo. Akaona chumba ni kisafi, akatia alama ya vema, akapita. Wiki ile binti yake alikuwa na homa kali. Zile dakika za chumba kimoja alizitumia kukimbia nyumbani kumtazama mtoto, maana ni karibu. Alisema alidhani Mungu amemfungulia mlango.

Mgeni alipoondoka, dobi akasema mashuka ya namba kumi na moja hayakumfikia siku tano. Karatasi ina vema, mashuka hakuna. Meneja akamuuliza aliyapeleka wapi. Angejibu nini? Aseme yalijifua yenyewe? Akaambiwa anaweka alama za uongo na kukimbia kazi, na kweli kuna mtu alimwona akikimbia. Akatolewa siku hiyo hiyo.

Tangu hapo nyumba nzima inabishana kuhusu huyo mgeni. Fundi Viti anasema alikuwa bahili aliyezoea kulala sakafuni ili asichakaze kitanda. Binti anasema ni jasusi. Bibi ameapa kwamba lilikuwa jini, kwa sababu binadamu hawezi kulala kitandani asiache hata kunyanzi moja. Wakanigeukia wanisikie mimi ninasemaje.

Dada, nilikuwa nimeshika kikombe. Nikasema labda alikuwa mtu tu. Nikaaga mapema, nikasingizia goti.

Siku mbili sikulala vizuri. Nilisali, lakini kila nikifumba macho naona karatasi yenye vema. Nilijiambia nikinyamaza hakuna atakayejua, nitakuwa Mama Goti wao mpaka mwisho, nitakuja kila mwaka. Nilijiambia tena kwamba nikisema nitaumiza bure watu waliokwisha kupona. Shetani naye ana maneno ya upole akitaka. Jumatano nilikunja nao mashuka kama kawaida, na kila tulipokutana katikati, mikono yake ikigusa yangu, nilitaka kusema, nikameza.

Alhamisi nikasema. Binti alikuwa ametoka kuuliza nani kakalia miwani ya Bibi, wao wakajibu Namba Kumi na Moja, nami nikasema ndiyo, ni mimi. Walicheka sana. Fundi Viti akasema basi na sukari nilipe. Wakacheka tena, mpaka walipoona uso wangu. Yule mama aliiweka pasi chini. Hakupandisha sauti. Aliniuliza swali moja tu, kwamba mto wa tatu ulikuwa ukikaa wapi. Nikamwonyesha kwa mkono, mlalo, hapa, chini ya goti. Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani.

Sikufukuzwa. Afadhali ningefukuzwa. Bibi aliinuka, akaleta kiti kile cha sebuleni chenye kitambaa, akakipangusa, akaniambia karibu mgeni. Binti akatumwa kuleta kikombe chenye kisahani, ambacho sijawahi kukiona kikitoka kabatini. Nikamiminiwa chai. Nikaulizwa kama iwe na maziwa au isiwe nayo. Yule mama alipotoka kukunja mashuka, ncha za upande wa pili alimrushia binti yake. Nilipoinuka nisaidie, akasema kwa adabu kubwa kwamba nisijisumbue, wageni hawafanyi kazi.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa meneja kabla hata ya chai. Si mtu mbaya, ni mtu mwenye haraka. Nikamweleza beseni, dirisha, deki, kila kitu. Akamwita dobi, wakafunua madaftari yao, wakatazamana. Aliniuliza kwa mshangao mkubwa ni mgeni gani analipia chumba halafu anakifua. Nikasema ni mgeni aliyelelewa na dada yangu. Alisema nafasi ile ina mtu sasa, naye ana watoto, hawezi kumtoa. Nikaona ni kweli, nisije nikaponya kidonda kwa kumchoma mwingine. Lakini aliandika barua, akagonga mhuri, kwamba yule mama alifanya kazi miaka tisa kwa uaminifu na kwamba aliondolewa kwa makosa ya hoteli. Nilimwambia aongeze na ya mgeni. Akaongeza.

Nikaipeleka mbio, kama goti linavyoruhusu. Yule mama akaisoma amesimama, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya kitambaa cha pasi, akanishukuru kama mtu anavyomshukuru tarishi. Nikaletewa kiti. Nikaletewa kikombe chenye kisahani. Bibi aliniuliza habari za safari. Hapo nikajua nimewapoteza, Dada, na ni haki yao.

Jana Jumamosi nilifunga begi, nikapita kuaga. Nilikuwa nimepanga maneno matatu tu, maana nilijua sitaweza manne. Yule mama alikuwa katikati ya waya, ameshika shuka kubwa, maji yanadondoka. Kabla sijafungua mdomo akanirushia ncha mbili. Zikanipiga kifuani, zikanilowesha blauzi ya safari. Akasema, Shika huko, Mama Goti, siku zako mbili zimekwisha.

Nikashika. Nilikuwa nalia, na mashuka yanavutwa, hata kulia kwenyewe sikupata nafasi ya kulia vizuri. Tulipokutana katikati hakuniachia. Aliniambia kwamba siku mbili hizi amekuwa akinikasirikia, na alikuwa na haki ya kunikasirikia, na sasa amemaliza. Akasema zile dakika nilizompa bila kujua, alizikaa kitandani kwa binti yake akimkanda kwa kitambaa cha maji, na siku ya nne homa ikashuka yeye akiwa pale pale. Alisema ameweka kazi upande mmoja na dakika zile upande wa pili, akapima siku mbili nzima, na bado hajui, lakini kukunja mashuka na mtoto asiyejua kuvuta kumemchosha. Bibi akapaza sauti kutoka jikoni kwamba amesikitika sana, maana mwaka mzima amewaambia majirani aliona kazi ya jini.

Kisha yule mama akanipa kazi. Kesho Jumatatu anapeleka barua ya meneja kwenye hoteli mpya iliyofunguliwa upande wa pili wa ufuo, wanatafuta msimamizi wa watandikaji. Huenda akawekwa hata siku mbili kujaribiwa. Nani atabaki na mashuka ya watu? Hakuniomba. Aliniambia. Ndiyo maana basi liliondoka bila mimi, na nitakuja kwako Jumatano, Mungu akipenda.

Sasa Dada, kaa vizuri, kuna lingine, na hili nimelibeba tangu nina miaka tisa.

Mama alipofariki ukanileta kwako na kifurushi changu cha nguo, wewe mwenyewe bado bibi harusi. Jioni ya siku ya tatu nilikuwa nimelala chumba kile cha uani, mkidhani nimesinzia. Nikamsikia shemeji sebuleni, Mungu amrehemu, akisema huku anacheka kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sijui alimsema nani. Huenda ni yule binamu yake aliyekuja kutafuta kazi akawa anatafuta chakula tu. Lakini mimi niliona ni mimi. Asubuhi uliamka ukakuta uwanja umefagiwa, maji yamejaa pipa, vyombo vinang'aa. Uliwaambia majirani mdogo wako ana mikono ya baraka. Nilichosikia mimi ni kwamba leo sitarudishwa.

Tangu siku ile sijaacha. Ndiyo maana nikija kwako, na umri huu wa miaka hamsini na miwili, navua viatu naenda kwenye karo la vyombo kabla sijakusalimu vizuri. Wewe husema ni upendo. Ni upendo, Dada, lakini nyuma yake kuna mtoto ameshika kifurushi chake anasikiliza mlangoni. Sikukwambia kwa kuwa ulinilea vizuri kuliko mama wengi, nikaogopa utaona sikushukuru. Na ona sasa, woga wangu umemtoa mtu kazini.

Jana, ncha za shuka zilipotua kifuani, ndipo nikaisikia methali ile kama inavyosemwa. Haisemi mgeni alinyakue jembe alfajiri watu wamelala. Inasema apewe. Na anayepewa jembe amepewa na mahali pa kusimama shambani. Mimi nililinyakua, sikuwahi kungoja nikaona kama nitapewa.

Basi Jumatano nikifika, usishangae. Nitakusalimu, halafu nitakaa. Nitakaa kwenye kiti, mikono magotini, hata kama karo limejaa vyombo, mpaka wewe mwenyewe uniite uniambie nishike wapi. Nitaona tabu, najua. Usinicheke sana.

Wasalimie wajukuu wote, yule mkubwa mwambie Bibi Mdogo anamletea kombe la baharini alilotaka. Wasalimie wenzangu wa kwaya, waambie sauti ipo. Fundi Viti na mkewe wanakusalimu, na Bibi anauliza ni dada wa namna gani anayefunza watu kufua mashuka ya hoteli. Kunywa dawa. Mungu akufunike mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako wa pekee, ambaye huku wanamwita

Namba Kumi na Moja.